Mfuko wa Udongo Ulio Chini ya Nguo Zako

Bungulu, Beni, alasiri, mvua bado inanyesha

Kavira mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga tante yako, na ninamjua yule mama, hatakuachilia kabla hujamaliza sahani mbili. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimefungua moja ya yale madaftari ya darasa la nne niliyobaki nayo nilipostaafu, nimekaa mezani mbele ya sanduku lako kama mwalimu mpya aliyetembelewa na inspekta.

Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia usali, ulale ndani ya chandarua, upige simu ukifika Kinshasa na tena ukifika Lubumbashi. Hayo nimeyasema mpaka jana ukanipigia kelele, "Mama, njo minasikia, minasikia!" Barua hii ni ya jambo jingine, ambalo nimelizunguka wiki mbili nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Naogopa, Kavira. Naogopa ndege. Naogopa barabara ya kwenda Mavivi, kwenye uwanja wa ndege, ambayo umeizoea na mimi sijaizoea mpaka leo. Naogopa ule mgodi wa zamani unakokwenda kufanyia utafiti wako, ambako wazungu walichimba urani, wakaondoka, wakaacha mashimo na udongo unaotoa mionzi. Lakini leo ninaogopa zaidi mstari utakaofuata, basi niuandike kabla sijapata kazi ya kufanya jikoni.

Ule udongo uliokuwa ndani ya mfuko, chini ya nguo zako, wenye karatasi niliyoandika kwa mkono wangu "Masereka, shamba la familia", hautoki Masereka.

Usiitupe barua. Nipe nafasi nikueleze, halafu ukasirike kwa mpango.

Unakumbuka jinsi ulivyonieleza kazi yako? Ulikuwa umerudi kutoka Butembo, umemaliza masomo ya kilimo, na barua ya kukubaliwa kule Katanga unayo mfukoni. Uling'oa mharage nyuma ya nyumba, ukaja nao jikoni unadondosha matope kwenye sakafu niliyotoka kuipangusa, ukanionyesha vile vinundu vidogo kwenye mizizi.

"Angalia, mama. Hii kinundu ni nyumba. Ndani muko bakteria. Maharagi inabapatia sukari, na bo banaipatia mbolea yenye banatosha mu hewa."

Nikakuuliza, "Na ile neno ndefu yenye ulisemaka kwa simu?"

"Polisakaridi! Ile njo kazi yangu, mama. Ni ute."

Ukacheka ulipoona nimekunja uso kwa neno ute. Ukanieleza kwamba bakteria hawa hutengeneza ute wa sukari, sukari nyingi zilizoshikana mkono kwa mkono kama watoto wa maternelle, wale wa chekechea, wakivuka barabara. Hujifunika kwa ute huo. Sumu ikija, ute huishika nje. Tena ni kwa ute huohuo bakteria hupiga hodi kwenye mzizi. Mzizi huuhisi, ukajua huyu ni mgeni wa heri au ni adui, na ukimkubali humfungulia. Sasa wewe unataka kujua kuhusu wale walioishi miaka mingi katika udongo wa urani na mionzi: je, ute wao bado ni uleule? Umekuwa mzito zaidi? Unaweza kuishika urani isipande kwenye maharage ambayo watu wa kule wanakula kila siku?

Nilielewa, Kavira. Ulidhani nimetingisha kichwa ili uondoe matope yako, lakini nilielewa, na nilijivuna.

Kisha ukaniambia unahitaji kipimo. Udongo ambao haujawahi kuonja sumu ile, utakaootesha maharage ndani yake kando ya ule mbaya, uweke ute wa huku na ute wa kule mbele ya macho yako. "Bila kipimo, mama, nitasema uongo tu na mashine ya bei." Ukaomba udongo wa shamba letu la Masereka, kwa sababu ndilo la kwanza ulilolijua. Ukasema pia jambo ambalo nimelishikilia leo kama mtu anayezama: si lazima uwe wa Masereka, lakini lazima ujue unatoka kwa nani na wapi.

Ili ujue kwa nini sikukuletea, lazima nirudi nyuma, kwenye ule mwaka ulipokuwa na miaka tisa.

Tulikuwa bado tunakaa Masereka. Mimi nilifundisha asubuhi, nililima mchana. Baba yako, Mungu amrehemu, alishughulika na viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani, vya kupeleka Butembo, na maharage yalikuwa yangu. Mwaka ule yalikuwa mazuri mno, ya kijani cha kukolea kutoka juu ya mteremko hadi chini kwenye mtaro. Jirani yangu kwa upande wa chini alikuwa Mama Musoki. Ya kwake yalikuwa ya njano na mafupi. Tuliazimana chumvi na moto. Nilipokuzaa wewe, ndiye aliyenichotea maji mwezi mzima. Sitaki ufikiri alikuwa mtu wa mbali.

Asubuhi moja nilikuta mashimo madogo kati ya mistari ya maharage yangu, ya kuchimbwa kwa vidole. Nikainua macho nikamwona Mama Musoki anashuka kwake na kitenge amekifunga fundo, na udongo unapukutika kutoka kwenye fundo lile. Ninyi watoto wa mjini mtacheka, lakini kwetu mtu akichukua udongo wa shamba la mwingine bila kuomba, hakuna anayefikiri kuhusu udongo. Watu hufikiri amebeba uzima wa shamba. Nilikuwa mwalimu mwenye diploma, nilifundisha watoto kwamba mvua hutoka kwenye mawingu, na bado niliogopa.

Wiki iliyofuata ilinyesha kama leo, siku baada ya siku, na katika sehemu ya shamba, kule chini ambako maji hutuama, maharage yakaanza kunyauka. Nikang'oa mmoja uliokuwa bado mzima, nione. Kwenye mizizi nikakuta uvimbe. Mdogo, mwingi, kila mahali. Kavira, nilikuwa nimelima maharage tangu utoto na sijawahi kuuona. Sisi hung'oa maharage yakiwa yamekauka, na wakati ule vinundu vimekwisha kunyauka na kupotea. Nani anang'oa mharage wa kijani ili atazame mizizi? Nikafikiri, basi, amechukua uzima ameacha ugonjwa.

Ulikuwa kando yangu. Uliomba kimoja ukacheze nacho. Ukaenda ukachukua wembe wa baba yako, ukakipasua juu ya jiwe, ukapiga ukelele.

"Mama! Iko na damu ndani!"

Na ilikuwa kweli. Ndani kilikuwa chekundu-chekundu, kama nyama ya ndani ya shavu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho nimekuwa nikikificha chini ya kila ushauri niliowahi kukupa. Jumapili, watu walipotoka misa, nilikushika mkono nikakupeleka mbele ya kanisa, na mche wa maharage ndani ya kitambaa, na wembe. Nikakuambia, "Onyesha batu, mama. Pasula tena." Ukapasua. Ulifurahi, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wanakutazama na kushangaa. Ulipasua vitatu au vinne, ukawa unainua kila kimoja kwa ncha ya kidole ili hata walio nyuma waone.

Mama Musoki alikuwa pale na watoto wake. Hakukataa. Laiti angekataa.

"Nilitwaa budongo kidogo tu, mwalimu," alisema. "Maharagi yangu iko njano. Koko yangu, mama ya mama, alikuwaka natia vile, budongo ya shamba ya muzuri mu shamba yenye inakataa. Na inaitika! Kuya muone, yangu inaanza kuwa kijani."

"Juu ya nini haukuomba?" nilimuuliza, kwa ile sauti yangu ya darasani.

"Niliogopa kukuomba."

Unaona alivyojimaliza mwenyewe. Kusema kwamba ya kwake yanaanza kuwa ya kijani, wakati ya mwalimu yananyauka! Baba yako alinivuta mkono, akasema, "Acha kwanza, turudi nyumbani, tufikiri." Sikuacha. Niliogopa, na mtu akiogopa mbele ya watu huona haya kunyamaza. Nikasema lile neno. Sitaliandika hapa, unalijua.

Hakuna aliyempiga, na kwa miaka mingi nilijiliwaza kwa hilo. Vijana walishuka wakang'oa maharage yake yote, yale yaliyoanza kupata kijani. Baada ya hapo hakuna aliyenunua poireaux zake. Watoto wake waliketi benchi la nyuma darasani kwangu na hakuna aliyetaka kukaa nao, na mimi, mwalimu wao, niliona. Kabla ya mavuno mlango wao ulikuwa umefungwa kwa kamba. Watu walisema wamehamia upande wa Beni.

Halafu wewe ukakua. Ukiwa mwaka wa pili chuoni, ulirudi likizo, ukakaa kwenye kigoda changu cha kupikia, ukaniambia kwa furaha kabisa kwamba kinundu kikiwa chekundu ndani ni dalili ya afya. Kwamba kikiwa cha kijivu ndipo uogope. Kwamba wakulima mahali pengi huchukua udongo wa shamba zuri wakautia kwenye shamba linalokataa, na bakteria wanahama nao. "Ni akili kubwa sana, mama, na hakuna mutu alibafundisha." Nilisimama nikatoka nje, nikasema moshi. Jiko lilikuwa limezimika tangu saa nzima, Kavira. Uliona, na hukuuliza.

Sijui kama unakumbuka ile Jumapili. Labda ndiyo iliyokupeleka kwenye vinundu, labda umeisahau. Sijawahi kukuuliza kwa sababu lolote kati ya majibu hayo mawili lingenichoma.

Sasa ule udongo. Uliponituma Masereka, nilikwenda kwa moyo mmoja. Nililala Butembo, asubuhi nikapanda, nikafika shambani na kijiko chako na mfuko wako mgumu wa plastiki na glavu zako. Glavu zile nilizivaa, maana ulisema nisichanganye na uchafu wa mikono. Sasa nifikirie mimi, mama mzima, nimechuchumaa katikati ya shamba na glavu nyeupe, natia udongo kwenye mfuko kijiko kwa kijiko, halafu napepesa macho huku na huku kama mwizi wa nguo kwenye kamba. Shamba ni letu, lakini tumelikodisha miaka yote hii, na anayelilima sasa sikuwa nimemwambia.

Alitokea nyuma yangu. Msichana mwenye jembe begani na mtoto mgongoni. Nilimfundisha kusoma. Alikuwa mmoja wa watoto waliotazama mbele ya kanisa Jumapili ile.

"Mwalimu? Uko natwaa budongo? Unaipeleka wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nataka ulielewe hilo. Aliuliza kama mtu anavyouliza. Lakini mimi nilisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile. Ningeweza kusema: ni kwa ajili ya Kavira, anasoma mambo ya udongo, samahani nimeanza kabla ya kukuomba. Ni sentensi moja tu. Badala yake nilimwaga mfuko wote chini, nikavua glavu, na pamoja nazo nikaichomoa pete yangu ya ndoa kwa siri, nikasema nimeiangusha.

Akaweka jembe chini. Akamfungua mtoto, akamketisha kwenye majani, akapiga magoti tukaanza kuitafuta. Tuliitafuta karibu nusu saa, Kavira. Pete ilikuwa kwenye sidiria yangu. Alichambua udongo ule kwa vidole, donge kwa donge, akawa ananiambia, "Pole, mwalimu, tutaipata tu." Nilipoondoka alinipa malenge na kunisindikiza hadi barabarani, akaahidi kuendelea kutafuta. Nahisi bado anatafuta.

Nilipofika Butembo mfuko ulikuwa mtupu. Nyuma ya nyumba niliyolala kuna mahali ambapo mafundi wa pikipiki hufanyia kazi yao, na wapishi humwaga majivu. Nikajaza pale. Nikaandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Ulipoupokea ulinikumbatia ukanishukuru, "Wasingya, mama. Hii njo kipimo yangu." Ukauweka chini ya nguo zako kama kitu cha thamani. Ungeotesha maharage kwenye mafuta machafu ya pikipiki, ukakaa kwenye mashine zako mwaka mzima, ukawaambia watu wa mgodini hivi na vile kuhusu chakula chao, na kila neno lingesimama juu ya uongo wa mama yako. Jumamosi nilikuwa karibu kusema. Jana pia.

Kuna jambo moja sasa nataka ulijue, na si la mionzi. Kuhusu mionzi umenituliza kadiri inavyowezekana. Umenionyesha ile kadi utakayovaa kifuani ya kupima, umenieleza masaa ya kukaa na masaa ya kutoka, kofia, barakoa, kuoga. Sijatulia, lakini nimenyamaza. Tuliishi wakati wa ebola hapa, tunajua kuogopa kitu kisichoonekana, na tunajua pia kunawa mikono.

Ninachokiogopa mimi ni watu, na nawaogopa kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Kuna wanawake wanaolima pembeni mwa yale mashimo. Wanakula maharage ya pale kwa sababu hawana mengine. Siku moja watainua macho wamwone msichana asiyejulikana, anayesema Kiswahili cha kwetu, amefunika uso, mashine inalia tik-tik mkononi, anachimba shambani kwao na kutia kwenye mifuko. Atapasua kinundu, na ndani kitakuwa chekundu. Kavira, mimi naijua Jumapili itakayofuata. Ndiyo maana silali. Unadhani ni ndege.

Sina hekima ya kukupa juu ya hili. Mwalimu wa miaka yote hii, na sina. Ninajua tu lile dogo ambalo lingeniokoa mara mbili, mara moja nikiwa nimesimama mbele ya kanisa na mara moja nikiwa nimechuchumaa shambani. Omba kabla ya kuchimba. Vua barakoa yako ukiwa bado barabarani, wakuone uso, sema jina lako na la kwenu, uombe. Wakikataa, rudi mikono mitupu. Na usiwaambie tu unachochukua. Rudi uwaambie ulichokikuta, hata kama ni kibaya, hata kama walio juu yako watasema bado mapema. Mama Musoki angalau alikuwa na koko wa kumweleza kwa nini udongo unaitika. Wale hawana mtu.

Na ukikuta mwenzako ameogopa kukuomba, usimuulize kwa sauti ya darasani. Hiyo sauti umeirithi kwangu, ninakusikia ukiitumia kwa wadogo zako.

Nimebakiza jambo moja. Mama Musoki yuko Mavivi.

Nimejua tangu mwaka jana. Nilimwona sokoni hapa Beni, amezeeka mabega, nikageuka nikaingia kwa wauza mitumba nikashika suruali ya mwanaume nikaanza kuuliza bei. Baadaye nikauliza watu. Nyumba yake iko barabarani, kabla kidogo ya kufika uwanja wa ndege, ina mlango wa buluu. Pembeni amelima maharage. Nimepita pale mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia dereva wa pikipiki nimekosea njia. Leo asubuhi niliposema nakwenda kununua nyanya, nilikuwa nakwenda kwake. Nilifika mahali ambapo mlango unaonekana. Alikuwa uani, anapalilia, ameinama. Nikarudi na nyanya.

Kumwandikia siwezi. Hasomi, na nisingependa mtu mwingine amsomee jambo hili.

Sasa sikiliza nilichofanya tangu umetoka. Nimefungua sanduku lako, nimeutoa ule mfuko, udongo nimeumwaga nyuma ya choo. Mfuko nimeusafisha kwa maji ya moto, mara mbili, umening'inia hapa dirishani. Ile karatasi niliyoandika nimeichoma. Nimekata nyingine, nimeipachika, sikuandika kitu. Kijiko na glavu nimeviweka kwenye mkoba wangu, si kwenye sanduku.

Barua hii sitaificha kati ya nguo zako uje uisome Lubumbashi, ukiwa huwezi kunifanya lolote. Huo ungekuwa ujanja wangu wa kawaida. Nitakupa asubuhi pamoja na chai, na nitakaa palepale mezani unapoisoma. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kunyamaza, nitaelewa, ingawa kimya chako ndicho ninachokiogopa kuliko kelele zako.

Kisha tutaondoka mapema. Njiani nitamwambia dereva asimame kwenye mlango wa buluu. Nitashuka mimi kwanza, na nitasema yale niliyopaswa kusema mbele ya kanisa, nikiweza kuyamaliza. Huenda hatatufungulia. Ni haki yake, na utakwenda na mfuko mtupu, utafute udongo wa kipimo kwa mtu mwingine aliye tayari kukupa. Akifungua, wewe ndiye utakayemwomba. Mwambie udongo ni wa nini. Mwambie kwamba koko yake alikuwa sawa. Mimi nilikupeleka mbele ya watu na wembe, basi nipe nafasi nikupeleke tena. Akikubali, aandike nani amekupa na wapi. Yaani andika wewe, mbele yake, umsomee.

Ndege inaondoka saa saba mchana. Nimehesabu na kuhesabu, muda upo wa kutosha. Kwa hiyo tukikaribia pale, nikianza kusema mvua, matope, foleni ya uwanja wa ndege, hatuna muda, tutasimama siku nyingine, usinijibu. Nishike mkono kwa nguvu, kama nilivyokushika wewe Jumapili ile, na umwambie dereva asimame.

Mama yako